Ini lina mafuta, figo je?

Barua tulizochagua safari hii zimetoka Tanga mjini, Pongwe na Muheza, na zote zinazunguka jambo moja: mtu ameshaambiwa ini lake lina mafuta, sasa atajuaje mapema kama figo nazo zimeanza kuumia. Tumejibu kwa kirefu pale tunapoona watu wengi wanapotea njia, na kwa kifupi palipo wazi.

KREATININI YANGU NZURI, MKOJO WA NINI TENA?

Assalaam aleykum. Nina miaka 52, naishi Chumbageni. Nilipigwa ultrasaundi kwa sababu ya maumivu ya tumbo, nikaambiwa ini lina mafuta, daraja la pili. Sukari sina, presha inacheza kwenye 138 kwa 86. Kreatinini ilitoka 88, na karatasi inasema iko ndani ya kiwango. Daktari bado anataka nipeleke mkojo. Figo si zimeshapimwa?
Mama wa Chumbageni

Waaleykum salaam, mama yetu. Zimepimwa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowahi kuonyesha madhara.

Chukua kifumbu cha kukamulia nazi. Kuna mambo mawili ya kukiangalia: tui linapita kwa kasi gani, na je, machicha yanapenya? Kifumbu kikianza kulegea msuko, tui huendelea kupita vizuri tu, pengine hata kwa kasi zaidi. Unachokiona kwanza ni chembe za machicha kwenye bakuli. Figo nazo ni hivyo hivyo. Kreatinini ya damu, taka ya misuli ambayo figo huitoa, inaeleza kasi ya kuchuja. Albumini, ile protini ya damu ambayo figo nzima huachia kidogo sana, ndiyo machicha yenyewe. Mara nyingi huanza kuvuja kwenye mkojo muda mrefu kabla kreatinini haijapanda.

Na hiyo 88 yako (ni mikromoli kwa lita) tuitazame kwa karibu. Kreatinini hutoka kwenye misuli, kwa hiyo namba moja haina maana moja kwa kila mtu. Ukiiingiza kwenye kanuni ya CKD-EPI ya mwaka 2021, ambayo inahitaji kreatinini, umri na jinsia tu, mwanamume wa miaka 52 mwenye 88 anapata kasi ya kuchuja ya 91. Wewe, mwanamke wa umri huo huo, unapata 68. Bibi wa miaka 70 mwenye 88 hiyo hiyo anapata 61. Karatasi ya maabara itawaandikia wote watatu kwamba wako sawa. Ndiyo maana kila mara omba uandikiwe na kasi ya kuchuja, ile inayoandikwa eGFR, usirudi nyumbani na kreatinini peke yake.

Je, 68 ni ugonjwa? Peke yake hapana. Ugonjwa sugu wa figo hutajwa kasi ikiwa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi 3, au kukiwa na dalili nyingine ya figo kuumia, kama albumini kwenye mkojo, kwa muda huo huo. Maana yake 68 bila albumini ni jambo la kufuatilia, lakini 68 yenye albumini ya kudumu ni ugonjwa wa figo hatua ya 2, na una dawa. Mkojo ndio utakaoamua uko upande gani.

Umesema sukari huna, kana kwamba hilo linakutoa hatarini. Linapunguza hatari, halikutoi. Tafiti zilizofuatilia watu wengi kwa miaka zimeonyesha kwamba wenye mafuta kwenye ini hupata ugonjwa sugu wa figo takriban mara moja na nusu ya wasio nayo, na walio na makovu kwenye ini hupata zaidi. Chanzo ni kile kile: insulini isiyoitikiwa vizuri na mwili, mafuta ya tumboni, presha, mafuta mabaya kwenye damu. Mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa ini viliubadilishia ugonjwa huu jina ili lionyeshe kwamba asili yake ni huo mvurugiko, si ini peke yake. Na presha yako, mama, si ya kuachwa icheze. Ikipimwa vizuri, umekaa umetulia dakika 5, tunataka ishuke chini ya 130 kwa 80.

Kwa kuwa makovu yanaongeza hatari, muulize daktari wako kuhusu alama ya FIB-4, hesabu ya kukadiria makovu ya ini. Inahitaji umri, vimeng'enya viwili vya ini (AST na ALT) na idadi ya chembe sahani, zile za kugandisha damu. Unazidisha umri kwa AST, kisha unagawa kwa jibu la chembe sahani mara kipeuo cha pili cha ALT. Mfano: umri 52, AST 48, ALT 64, chembe sahani 210. Juu ni 2,496; chini ni 210 mara 8, yaani 1,680; jibu ni 1.49. Chini ya 1.3 makovu makubwa hayatarajiwi. Juu ya 2.67 yanatarajiwa, katikati unahitaji kipimo cha ugumu wa ini. Hakikisha pia umepimwa homa ya ini B na C. Ultrasaundi ikiona mafuta haina maana virusi havipo, na virusi hivyo navyo huumiza figo.

Jambo moja tena, kwa kuwa wengi wanatuandikia hivyo: kuambiwa kwenye ultrasaundi kwamba figo ziko sawa ni habari ya umbo na ukubwa. Figo inayovuja albumini mwanzoni huonekana nzuri kabisa kwenye picha.

STRIPU IMETOKA HASI

Nina miaka 34, nafanya kazi kiwandani Pongwe. Ini lina mafuta, uzito kilo 97. Zahanati walinichovyea stripu kwenye mkojo, protini hasi. Rafiki yangu anasema hicho kipimo hakitoshi. Nikaombe kipimo gani, na mkojo niuchukue vipi?
Kijana wa Pongwe

Rafiki yako yuko sahihi. Stripu ya kawaida huanza kubadilika rangi pale albumini inapofika kama miligramu 150 hadi 300 kwa lita. Uvujaji wa mwanzo, ambao ndio tunaoutafuta, uko chini ya hapo. Pili, stripu inasoma ukolevu, na ukolevu hubadilika na maji uliyokunywa.

Kipimo cha kuomba ni uwiano wa albumini na kreatinini kwenye mkojo. Kwenye fomu huandikwa ACR. Angalia kinavyofanya kazi. Tuseme asubuhi mkojo wako una albumini miligramu 45 kwa lita na kreatinini milimoli 6 kwa lita. Gawa: 7.5. Mchana umekunywa maji mengi, mkojo mweupe, albumini imeshuka hadi 15 na kreatinini hadi 2. Gawa: 7.5 tena. Maji hayakuidanganya hesabu. Stripu mara zote mbili ingesema hasi.

Hiyo 7.5 ni miligramu kwa milimoli. Maabara nyingine hutoa miligramu kwa gramu, na hapo ingeandikwa karibu 66. Usilinganishe majibu mawili kabla ya kusoma kipimio kilichoandikwa pembeni. Tumeshaona mtu akidhani amepona ghafla kumbe amebadilisha maabara. Chini ya 3, au chini ya 30 kwa gramu, ni kawaida. Kuanzia 3 hadi 30, yaani 30 hadi 300 kwa gramu, figo zinavuja kiasi. Zaidi ya hapo zinavuja sana.

Sasa mkojo wenyewe. Unaofaa zaidi ni wa kwanza kabisa ukiamka, kabla ya chai. Chukua kikopo cha maabara chenye kifuniko; chupa ya soda iliyooshwa haifai. Jisafishe, achia mkojo wa mwanzo uende chooni, kinga wa katikati kiasi cha nusu kikopo, funga, andika jina, tarehe na saa. Ufike maabara asubuhi hiyo hiyo. Joto la Tanga likiuchemsha mkojo kwenye begi hadi alasiri, bakteria watakuwa wameshaanza kazi. Ukishindwa kufika, uweke kwenye friji, si kwenye friza.

Kuna siku ambazo mkojo utadanganya hata ukiuchukua vizuri. Mazoezi mazito au kubeba mizigo ndani ya saa 24 zilizopita hupandisha albumini, nawe kazi yako ni ya kubeba, kwa hiyo peleka baada ya siku ya mapumziko. Homa, malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, manii yaliyochanganyika na mkojo, na kwa wanawake damu ya hedhi, vyote hupandisha. Kwa watu wa huku tunaongeza kichocho, ambacho huleta damu na protini kwenye mkojo bila uhusiano wowote na ini. Uliyeoga mtoni au kwenye bwawa utotoni, pima na hicho, na mkojo wa kutafutia mayai ya kichocho huchukuliwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, si alfajiri.

Siku hiyo hiyo toa damu kwa ajili ya kreatinini na kasi ya kuchuja, na jana yake usile nyama nyingi. Nyama iliyopikwa hupandisha kreatinini kwa saa kadhaa. Kama unakunywa unga wa kujenga misuli, mwambie daktari.

POVU

Mimi ni mzee wa Makorora, miaka 66. Nikikojoa napata povu. Figo zimekwisha?
Mzee wa Makorora

Shikamoo mzee wetu. Povu linaloonekana mara moja moja na kuondoka kabla hujamaliza kumwaga maji huwa ni nguvu ya mkojo kuangukia chini, au sabuni ya chooni. Povu la kutia shaka ni jeupe, zito kama la maziwa yaliyokorogwa, linabaki dakika kadhaa na linarudi kila siku. Hata hilo halitoi jibu. Linatoa sababu ya kupima. Na kutokuwa na povu hakumaanishi uko salama, kwani uvujaji wa mwanzo hauleti povu lolote. Ukivimba miguu au uso asubuhi, usisubiri zamu ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo.

DAWA YA MAGOTI NA DAWA YA KUSAFISHA INI

Hamjambo. Niko Ngamiani, miaka 58, nina mafuta kwenye ini na presha. Magoti yananisumbua, natumia diklofenaki za duka la dawa karibu kila siku. Pia nimeletewa mizizi ya kuchemsha ya kusafisha ini, nakunywa kikombe asubuhi na jioni. Kuna ubaya?
Bi mkubwa wa Ngamiani

Hatujambo, bi mkubwa. Kuna ubaya, na tunakuomba uuchukulie kwa uzito.

Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini. Kemikali hizo hizo ndizo zinazopanua mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye chujio la figo. Ukizizuia kila siku, mshipa unabana na figo inapata damu kidogo. Kwa kijana mzima mwenye jeraha la mpira, siku 3 zinapita bila madhara. Kwa mtu wa miaka 58 mwenye presha, hasa kama dawa zake za presha ni losartani au enalaprili pamoja na ile ya kukojoza, hizo tatu kwa pamoja zinaweza kuiangusha figo ndani ya siku chache, zaidi ukiharisha au ukikaa na kiu. Presha nayo hupanda.

Kwa magoti, paka dawa ya juu ya ngozi, punguza uzito, fanya mazoezi ya kuimarisha paja: kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja, uhesabu hadi 5, ushushe, mara 10 kila mguu. Parasetamoli unaweza kuitumia, lakini ini lako lina shida, kwa hiyo kiwango cha juu kwa siku ukipangiwe na daktari. Wala usiichanganye na dawa ya mafua bila kusoma boksi, kwani nyingi tayari zina parasetamoli ndani.

Mizizi tunakushauri uiache. Hakuna anayejua kiasi cha dawa kilichomo kwenye kikombe kimoja, kinabadilika na kila fungu, na mimea kadhaa inajulikana kuharibu vijifereji vya figo. Uharibifu huo mara nyingi hautoi albumini nyingi, hivyo hata kipimo tunachokisifu hapa kinaweza kuupita. Bakiza kipande cha mzizi ukionyeshe kliniki. Hakuna atakayekugombeza kwa sababu hiyo. Daktari anahitaji kujua ulichokunywa.

LOSARTANI IMEPANDISHA KREATININI

Nilikutwa na albumini 12 kwa milimoli mara mbili, nikaanzishiwa losartani. Kreatinini ilikuwa 92, baada ya wiki tatu ni 108. Jirani ambaye ni muuguzi kasema niache. Nimechanganyikiwa.
Mwalimu, Usagara

Mwalimu, usiache kwa hilo. Kutoka 92 hadi 108 ni ongezeko la asilimia 17. Losartani hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye chujio, shinikizo ndani ya chujio linashuka, na albumini inayovuja inapungua. Kasi ya kuchuja nayo hushuka kidogo mwanzoni, na hiyo ni dalili kwamba dawa imefika mahali pake. Hadi asilimia 30 tunavumilia. Ikivuka hapo, daktari hutafuta sababu: maji yamepungua mwilini, kuna dawa ya maumivu inaingiliana, au mishipa ya figo imebana.

Kilichokosekana kwenye barua yako ni potasiamu. Ilipaswa kupimwa pamoja na kreatinini kati ya wiki 2 na 4 baada ya kuanza, na tena kila dozi inapopanda. Ikivuka 5.5 rudi haraka. Mwanamke anayeweza kushika mimba aseme kabla ya kuandikiwa, kwa kuwa losartani humdhuru mtoto tumboni. Na ukipatwa na kutapika au kuharisha kiasi cha kushindwa kunywa, piga simu kliniki uulize kuhusu kuisimamisha hadi upate nafuu.

Baada ya miezi 3 pima albumini tena. Kutoka 12 kushuka hadi 8 ni faida ya kweli. Ikigoma kushuka, muulize daktari kuhusu dapagliflozini au empagliflozini, dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya kisukari ambazo sasa hutolewa pia kulinda figo hata kwa wasio na kisukari.

ZAHANATI YETU INA STRIPU TU

Nafanya kazi maabara ya zahanati, Muheza. Hatuna mashine ya ACR. Tufanye nini kwa wagonjwa hawa?
Mtaalamu wa maabara

Stripu mliyonayo ina kazi, mradi ilindwe. Unyevu wa huku ndio adui wake: kopo likiachwa wazi kwenye benchi, stripu huharibika kabla ya tarehe ya mwisho. Toa moja, funga hapo hapo, usikitupe kile kifuko cha kukausha. Chovya, pangusa ubavu wa stripu kwenye ukingo wa kikopo, soma protini sekunde 60 baadaye kwa saa, si kwa kukisia. Mkojo wenye pH juu ya 8 hutoa chanya ya uongo.

Kisha usisome kisanduku cha protini peke yake. Kama kuna kisanduku cha uzito wa mkojo, linganisha. Alama hafifu kwenye mkojo wa 1.005, ambao ni mwepesi, ni jambo zito kuliko alama hiyo hiyo kwenye 1.030. Damu au chembe nyeupe zikiwepo, tibu kwanza, rudia baadaye.

Mgonjwa mwenye ini la mafuta na stripu hasi usimwandikie kwamba figo ni salama. Andika: protini hasi kwa stripu, ACR haijapimwa. Sentensi hiyo fupi humfanya daktari wa mbele aombe kipimo. Ukipata njia ya kutuma sampuli kwenye maabara kubwa, kama ya hospitali ya mkoa Bombo, uliza kwanza kama wanaipokea na siku gani. Mkojo hukaa siku 7 kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8. Usiuweke kwenye friza ya kawaida, kwani albumini hupungua na mgonjwa akaonekana mzima.

MADAFU NA MACHUNGWA

Nimekatazwa madafu na machungwa kwa ajili ya figo. Kweli?
Msomaji, Raskazone

Madafu yana potasiamu nyingi, na huzuiwa kwa mtu ambaye potasiamu yake imepanda au figo zimeshuka sana. Uvujaji wa mwanzo wenye potasiamu ya kawaida haukukatazi. Kwa ini, cha kukipunguza kwanza ni soda, juisi ya sukari na chai ya vijiko vinne. Chungwa la Muheza ulile zima na nyama zake, usikamue manne kwenye glasi moja. Wali upungue kwenye sahani, samaki na mboga ziongezeke. Uzito ukishuka asilimia 5 mafuta ya ini hupungua. Ukishuka 7 hadi 10, hata uvimbe wa ndani ya ini hupoa. Kwa mtu wa kilo 90 hiyo 10 ni kilo 9, na tunapenda zishuke kwa miezi, si kwa wiki.

42, KISHA 18

Mwezi wa kwanza ACR yangu ilikuwa 42 kwa gramu. Mwezi wa tatu 18. Nimepona?
Dereva wa bodaboda, Mabokweni

Bado hatujui, kaka. Albumini hupanda na kushuka siku hadi siku hata kwa mtu yule yule, ndiyo maana tunahitaji sampuli 2 kati ya 3 ziwe juu ya 30 ndani ya miezi 3 hadi 6 kabla ya kutaja uvujaji wa kudumu. Una moja juu na moja chini. Peleka ya tatu mwezi wa tano: mkojo wa kwanza wa asubuhi, huna homa, hukubeba mizigo jana yake, maabara ile ile ya mwanzo. Ikiwa chini ya 30, rudia vipimo vyote viwili, damu na mkojo, baada ya mwaka. Ikiwa juu, chukua karatasi zote tatu na kipimo cha presha cha wiki hiyo, umpelekee daktari siku moja.